Muulize Ami: kufuli la landilodi, dhamana bila risiti na maswali mengine ya sheria

Mwezi huu barua zimekuja za kila namna, nyingi za nyumba na sishangai, kodi Mombasa inapanda kila kukicha na mshahara umekaa pale pale. Nimechagua sita. Kwa wageni wa safu hii: mimi si wakili, nilikaa kortini miaka mingi nikiwa karani, kwa hivo ntawaambia sheria inasema nini na mguu uelekee wapi, kesi ikishika moto tafuteni wakili wa kweli. Na mkiniandikia tena tafadhalini semeni mna karatasi gani mkononi, manake mnanieleza mambo marefuu alafu mwisho ndo nagundua hamna hata risiti.

Ami salaam. Nakaa Mishomoroni, chumba na sebule, kodi 6,500. Nimechelewesha miezi miwili kwa sababu mume wangu alipunguzwa kazi. Juzi narudi kutoka Kongowea napata keateka, mwangalizi wa nyumba, ametia kufuli lake juu ya langu, ndani kuna unifomu za watoto na dawa za presha za mamangu. Landilodi anasema mpaka nilipe yote, na nikikawia atauza friji. Ana haki hiyo? (Mama wa wawili, Mishomoroni)

Hana, mamangu. Ila nianze na lile hutaki kusikia, deni ni deni, kodi yake anaidai kwa haki na mimi sitakuambia umnyime. Lakini sheria imempa njia zake. Anaweza kwenda kortini akatafuta amri ya kukutoa. Au anaweza kushika mali kwa sababu ya kodi, na hapo lazima apitie kwa dalali mwenye leseni, anakuja na karatasi, anaorodhesha vitu kimoja kimoja, anakupa muda wa kulipa kabla hakijauzwa hata kijiko. Keateka na kufuli lake la dukani hayumo popote katika hayo. Kukufungia nje, kung'oa mlango, kuezua bati, kukata maji au stima ili uhame mwenyewe kwa dhiki, zote hizo ni njia za mkato na akipelekwa kortini ndiye atakayetoa maelezo.

Sasa fanya hivi. Piga picha yale makufuli mawili leo leo. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe na usitoke bila nambari ya OB (daftari la matukio la polisi), wakikuambia mambo ya nyumba hayatuhusu waambie hujaja kutatuliwa kodi, umekuja iandikwe kuwa umefungiwa mali na dawa za mgonjwa bila amri ya korti. Pitia kwa chifu pia au mzee wa mtaa, mara nyingi simu moja ya chifu inafungua mlango kwa ajili ya zile dawa, haya mengine yafuate nyuma. Usivunje wewe mwenyewe usiku. Vitu ni vyako sawa, lakini asubuhi keateka ataapa kulikuwa na redio yake humo ndani.

Mkishindwana unaenda kortini kuomba amri afungue, na kama huna pesa ya wakili, Kituo Cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa wanasaidia watu kama wewe, na kuna huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016. Utasikia watu wakikuambia nenda kwa lile baraza la kodi za nyumba. Lile la nyumba za kuishi linasikiza kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi tu, sheria yake ni kuukuu, na chumba cha 2,500 Mombasa ya leo ukikipata niambie na mimi. La maduka na hoteli ni jingine, na huko mwenye jengo akitaka kukutoa anatakiwa akupe notisi ya maandishi ya si chini ya miezi miwili.

Kitu cha mwisho, mtumie landilodi meseji ya WhatsApp, mwambie utalipa kiasi gani na tarehe gani, kisha ulipe kwa M-Pesa. Usimpe keateka mkononi.

Ami, nyumba ni ya marehemu bibi yetu, iko Majengo, vyumba sita, lakini ardhi si yetu. Tunalipa kodi ya ardhi tangu zamani, kwanza kwa mzee mwenyewe, baadaye kwa wakala wake. Mwaka huu amekuja bwana anasema ameinunua na kutupa siku 14 tutoke. Majirani wanasema tukishapita miaka 12 ardhi ni yetu. Ni kweli? (Wajukuu, Majengo)

Hii ndo iliyonikalisha kitako. Wasomaji wa bara labda mtashangaa vipi nyumba iwe ya huyu na ardhi ya yule, huku kwetu ni kawaida, Majengo, Kisauni, Likoni, mtu anajenga nyumba ya boriti na udongo au ya mawe kabisa juu ya ardhi ya mwengine na kila mwezi anapeleka kodi ya ardhi. Mambo haya yanaenda nyuma mpaka 1908, serikali ya kikoloni ilipoleta sheria ya hati za ardhi za pwani, waliojua wakaenda kudai wakaandikiwa hati, wasiojua au wasioweza kwenda wakajikuta wapangaji pale pale walipozaliwa.

Hiyo miaka 12 ipo kweli kwenye sheria, lakini majirani wamewapa nusu ya habari. Ili udai ardhi ya mtu kwa kukaa miaka 12 lazima uwe umekaa bila ruhusa yake, waziwazi, bila kukatizwa. Nyinyi mlikuwa mkilipa. Kila risiti ya wakala mliyoiweka kwenye ile bahasha ya bibi inasema mwenyewe alijua na aliwaruhusu. Kwa hivo mkienda kortini na hoja ya miaka 12, zile risiti zenu wenyewe ndo zitawaangusha.

Lakini msizichome! Risiti hizo hizo ndo zinawatoa kwenye orodha ya wavamizi. Mpangaji wa ardhi haamshwi tu siku moja akaambiwa toka, kuna makubaliano yanayotakiwa yavunjwe kwa utaratibu, na bwana mpya amenunua ardhi ikiwa na watu juu yake ambao alikuwa akiwaona. Na hizo siku 14 sijui amezitoa wapi. Sheria ya Ardhi ilivorekebishwa 2016 inasema hata mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwenyewe bila ridhaa apewe notisi ya maandishi ya si chini ya miezi mitatu kabla ya kuondolewa. Kama asiye na ruhusa anapewa miezi mitatu, nyinyi wenye risiti za miaka na miaka mtapewaje wiki mbili? Na aliyepewa notisi anaweza kwenda Korti ya Mazingira na Ardhi, iko hapa hapa Mombasa, na jaji ana uwezo wa kuifuta ile notisi, kuibadilisha, kuisimamisha kwa muda au kuamuru fidia.

Kabla ya yote hayo lakini, mmehakikisha ameinunua kweli? Nendeni ofisi ya ardhi mfanye sachi kwa nambari ya ploti, mtajua hati ina jina la nani. Hii ndo hatua watu wanairuka kila siku. Mtu anakuja na gari kubwa na wazee wawili wa mtaa, familia nzima inaanza kufungasha, kumbe jina lake haliko popote.

Na kuna jambo ambalo hamkuniuliza. Bibi amefariki, nyumba ni yake, nani kati yenu ana mamlaka ya kuzungumza kwa niaba ya mali ya marehemu? Kama hamjafanya mirathi fanyeni sasa, kama ni Waislamu nyote Korti ya Kadhi inasikiza mambo ya urithi, mkubaliane ni nani msimamizi na apewe karatasi ya korti. Nshaona familia mjomba mmoja ameitwa pembeni akapewa pesa akasaini kwamba nyumba imeuzwa, wenzake wakajua siku ya tingatinga. Zikija habari za fidia, na mara nyingi zinakuja kwa sababu kesi inamla mnunuzi wakati na pesa, ziandikwe, na zisainiwe na msimamizi mbele ya wakili.

Ikafika hata siku ya kuondolewa, Mungu aepushe, wanaokuja lazima wajitambulishe na waonyeshe kibali rasmi, na nyinyi ndo mna nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa vitu vyenu. Boriti, milango, mabati, fremu za madirisha, vyote hivo ni vyenu. Ardhi tu ndo ya yule bwana.

Shikamoo Ami. Mwanangu wa miaka 22 anaendesha tuktuk Likoni. Alishikwa Ijumaa saa moja usiku, Jumapili nikatoa elfu kumi nikaambiwa ni ya dhamana, akatoka. Sikupewa risiti. Sasa wanasema kesi hakuna, lakini pesa hairudi. Na je walikuwa na haki kumweka siku zote hizo? Tuliambiwa mwisho ni masaa 24. (Mama wa dereva)

Marahaba mwanangu, pole. Nianze na masaa 24 kwa sababu hapa watu wengi wanapigana na afande bure. Katiba, kifungu cha 49, inasema aliyeshikwa apelekwe kortini mapema iwezekanavyo na isizidi masaa 24, lakini masaa yenyewe yakiishia wakati korti imefungwa basi ni mpaka mwisho wa siku inayofuata ya korti. Aliyeshikwa Ijumaa usiku masaa yake yanaisha Jumamosi usiku, korti hamna, kwa hivo Jumatatu bado wako ndani ya sheria. Ndo maana vijana wa bodaboda na tuktuk wanasema Ijumaa ni siku mbaya.

Lakini polisi hawalazimiki kungoja Jumatatu, kwa makosa mengi ya kawaida wanaweza kumwachilia mtu kwa bondi ya polisi na bondi ile haina malipo, mtu anaandika kuwa atakuja akiitwa, basi. Wakitaka dhamana ya pesa taslimu ni sawa pia, ila inaandikwa na inatolewa risiti ya serikali, na kesi ikiisha au isipokuwepo mwenye risiti anarudishiwa pesa yake yote. Kwa hivo mwanangu wewe hukutoa dhamana. Ile ni hongo umetozwa ukaitiwa jina zuri, na ndo maana hairudi.

Ufanye nini sasa. Kama ulituma kwa simu, ile meseji ya M-Pesa iweke vizuri sana. Kama ulitoa mkononi, andika leo ukiwa bado unakumbuka, saa ngapi, kaunta gani, nani mwengine alikuwepo, jina au nambari ya kazi iliyokuwa kifuani mwa afande. Nenda na nambari ya OB ya siku aliyoshikwa, na kama hukupewa, omba kwa OCS, mkuu wa kituo. Kisha upeleke malalamiko IPOA, wale wanaochunguza makosa ya polisi, au EACC, tume ya kupambana na ufisadi, kwa upande wa hongo, na hakuna malipo ya kulalamika. Najua unaogopa kwa sababu sheria ya hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea. Kwa hivo lieleze lilivyokuwa, kwamba uliambiwa ni dhamana na ukaamini, usipambe wala usifiche.

Na mwambie kijana haya ya siku nyingine. Akishikwa ana haki kuambiwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, ana haki kunyamaza, ana haki kumpigia wakili au mtu wa nyumbani. Asisaini maelezo eti ili aende nyumbani haraka. Kukiri kosa mbele ya polisi hakuhesabiki kortini mpaka kuwe mbele ya afisa wa cheo cha inspekta au zaidi, ambaye siye anayepeleleza kesi yenyewe, na awepo mtu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Na kama kosa ni la faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inasema asiwekwe rumande. Mambo ya tuktuk mengi yako humo humo.

Ami, nimefanya kazi ya nyumbani Nyali miaka mitatu, nalala kwangu. Jumamosi nimetumiwa meseji "usirudi Jumatatu". Sina kontrakti, nina haki gani? (Dada wa Bombolulu)

Dadangu, kukosa kontrakti ya maandishi si kosa lako. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikwe, na anayetakiwa kuiandika ni mwajiri, asipoiandika mkifika kortini yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha mlikubaliana nini. Wewe thibitisha tu kwamba ulifanya kazi pale. Meseji za mshahara kwenye M-Pesa, daftari la askari wa geti, zile picha za siku ya kuzaliwa ya mtoto umebeba keki, na hiyo meseji ya "usirudi" yenyewe, wamekupa ushahidi bila kujua.

Unalipwa kwa mwezi, kwa hivo notisi ni siku 28 au pesa yake. Kabla ya kufutwa kwa kosa ulitakiwa uambiwe sababu na usikizwe, ukiwa na mtu wako kama unataka. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo, kama hukuwahi kupewa nazo zinahesabiwa. Kama hakukulipia NSSF, ile akiba ya uzeeni, kuna malipo ya utumishi kwa kila mwaka uliomaliza. Na hati ya kuonyesha ulifanya kazi pale lazima akupe, hata kama mmeachana kwa ubaya.

Alafu angalia mshahara wenyewe. Novemba 2024 kima cha chini kwa kazi za nyumbani Mombasa kiliwekwa Sh16,113.75 kabla ya marupurupu ya nyumba, na wewe unalala kwako kwa hivo hayo marupurupu yanakuhusu. Najua wangapi Nyali wanalipa elfu nane, tena kwenye nyumba zenye magari matatu. Anza kwa afisa wa leba, wanamwita mwajiri na kesi nyingi zinaishia pale mezani. Zisipoisha kuna korti ya ajira hapa Mombasa, inaweza kukupa mpaka mishahara ya miezi 12 wakiona umefutwa kwa dhuluma. Una miaka mitatu ya kudai, lakini usikae, daftari za geti hutupwa.

Nimemkopesha rafiki 85,000, mwaka sasa. Nina jamaa yangu polisi, amlaze ndani siku moja tu ashtuke? (Mfanyabiashara, Mwembe Tayari)

Hapana kaka. Deni ni mambo ya madai, polisi hawakusanyi madeni, na ukimlaza mtu ndani kwa mkopo yeye ndiye atakayekushtaki na akupate. Nenda Korti ya Madai Madogo, Mombasa ipo, inasikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000, huhitaji wakili, unazungumza Kiswahili chako, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu uifungue. Beba taarifa ya M-Pesa na mazungumzo ya WhatsApp, hasa pale aliposema "kaka nivumilie mwisho wa mwezi". Pale alikiri.

Ami, nimechelewa na mkopo wa simu wa 3,200, wamempigia bosi wangu na mama mkwe wakimwambia mimi ni mwizi. Wanaruhusiwa? (Naona haya, Changamwe)

Hawaruhusiwi. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza kabisa mkopeshaji wa simu kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha, kutisha wala kutukana, na mkopeshaji lazima awe na leseni, angalia kama yumo kwenye orodha ya Benki Kuu, kuna wengine hawamo. Kuchukua nambari za watu wako na kuzitumia hivo pia ni mambo ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, unalalamika kwa Kamishna wa Data bila malipo na malalamiko yanatakiwa yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Ile 3,200 ulipe, haifutiki. Leo hii lakini chukua skrinishoti za simu zao zote, na kama kuna meseji waliyomtumia mama mkwe, jikaze umwombe asiifute.